Mwanga wa Norway, kombora la Urusi na maswali yenu

Nimetumiwa video ya mwanga unaozunguka angani huko Norway, naambiwa ni ya wiki iliyopita. Ni kitu gani? (Msomaji, Mwanza)

Si ya wiki iliyopita. Ni ya asubuhi ya tarehe 9 Desemba 2009, na kila mara huibuliwa upya na tarehe mpya. Angalieni tarehe kabla ya kusambaza, jamani!

Watu wa Tromsø na sehemu nyingine za kaskazini mwa Norway waliona mwali wa buluu, kisha mwanga mweupe ukajiviringa kama gamba la konokono, ukatanuka, katikati pakabaki shimo jeusi. Dakika chache tu, ukatoweka. Kesho yake Wizara ya Ulinzi ya Urusi ikakiri kwamba kombora la Bulava lilirushwa kutoka nyambizi Dmitri Donskoy katika Bahari Nyeupe. Hatua mbili za kwanza (sehemu za kombora zinazowaka kwa zamu) zilikwenda vizuri, injini ya hatua ya tatu ikaleta hitilafu. Kombora likawa linazunguka ovyo huku likimwaga moshi. Kule juu hewa ni haba mno, hakuna upepo wa kuuvuruga, ndiyo maana duara lilikuwa safi vile. Lile shimo jeusi ni pale moshi ulipokoma kutoka.

Kulikuwa na giza. Moshi unang'aaje gizani?

Kwa jua. Desemba Tromsø jua halichomozi, lakini kilomita mia kadhaa juu miale bado inapita. Mtazamaji yuko gizani, moshi uko juani. Ndiyo sababu vituko hivi huonekana zaidi alfajiri na jioni. Tarehe 7 Novemba 2015 watu wa Los Angeles walitaharuki jioni kwa kombora la Trident lililotoka nyambizi ya Marekani, USS Kentucky. Juni 2012 lilikuwa Topol la Urusi, likaonekana hadi Lebanoni na Jordani.

Rais Obama wa Marekani alipokea Tuzo ya Nobel Oslo, Norway, siku iliyofuata mwanga ule wa 2009. Hiyo nayo ni bahati tu?

Ndiyo.

Kama hawana cha kuficha, mbona majeshi hayasemi mapema?

Wanacho cha kuficha, sibishi. Wanaficha silaha. Septemba 1977 mwanga mkubwa ulitanda juu ya mji wa Petrozavodsk, Muungano wa Kisovieti. Ilikuwa roketi iliyobeba satelaiti Kosmos-955 kutoka kituo cha kurushia roketi cha Plesetsk. Lakini Plesetsk ilikuwa siri ya dola, haikukubaliwa hadharani hadi 1983. Raia angeambiwa nini? Akaachiwa visahani vya angani ajifariji navyo. Usiri huo ndio unaozaa uvumi, na unaudhi, kwa sababu Bulava limeundwa kubeba vichwa vya nyuklia. Kombora la namna hiyo linaharibikia angani, majirani wanaliona kwa macho yao, halafu mjadala mzima unakuwa wa viumbe wa sayari nyingine! Mwenye silaha anafurahi sana mkijadili hayo.

Juzi niliona mwanga Tanga. Ulikuwa nini?

Saa ngapi? Upande gani? Ulidumu kwa muda gani? Nimeomba haya mara nyingi mno. Kama zilikuwa taa nyingi zikifuatana kwenye mstari mmoja, ni satelaiti za intaneti za Starlink. Zaidi ya hapo siwezi kubahatisha.

Kipande cha roketi kikianguka shambani kwangu, naweza kukiuza chuma chakavu?

Hapana, wala usikiguse. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kwa bahati haikumuumiza mtu, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kuichukua. Mafuta mengine ya roketi, kama haidrazini, ni sumu ya ngozi na mapafu. Waondoe watoto, piga picha kwa mbali, ita polisi. Tena kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi iliyorusha chombo ndiyo inayowajibika kulipa hasara. Kipande hicho ni ushahidi wako. Ukishakiuza kwa kilo, utadai kwa lipi?