Ukisikia "mbona Wamarekani walikaa Japani", chora mstari kwanza

Wadogo zangu mnaoanza historia mwaka huu, hiki kitu naomba mkijue mapema maana mimi nilichelewa. Mwaka wa pili nilisimama semina nikasema jeshi la Marekani kukaa Iraq miaka na miaka sio shida, mbona lilikaa Japani na nchi ikanyooka. Mwalimu hakubishana, akapiga mstari katikati ya ubao, huku Japani 1945 huku Iraq 2003, akanipa chaki, haya jaza. Nikaandika "walishindwa vita" pande zote mbili nikakwama hapo hapo, darasa kimya, vumbi la chaki linanishuka kwenye kiganja.

Kumbe kazi yenyewe ndo ile, kutafuta pande mbili zinatofautiana wapi. Japani, mfalme wao Hirohito mwenyewe aliongea redioni Agosti 15 watu wakaweka silaha chini, serikali ikabaki na watumishi wake maofisini, MacArthur, jenerali wa Marekani aliyesimamia ukaliaji, akawa anapitishia amri zake humo humo. Iraq hakuna serikali iliyosaini kujisalimisha, halafu Mei 2003 Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuiongoza Iraq, akavunja jeshi zima la Iraq kwa amri moja, yaani mamia ya maelfu ya wanaume wanarudi nyumbani hawana mshahara na bunduki wanaijua vizuri, sasa hapo ulitegemea nini?

Na muda pia muuangalie sana, hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Japani kukaliwa kuliisha Aprili 1952, haikufika hata miaka saba. Kambi za Marekani zilizobaki zilibaki kwa mkataba, hicho ni kitu kingine kabisa (na Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, wao walisubiri mpaka 1972 kurudishwa Japani, hawa mara nyingi wanasahaulika na inaniuma). Mwaka 2008 John McCain, seneta aliyekuwa anagombea urais wa Marekani, alisema hata miaka 100 Iraq kwake sawa, akatolea mfano Japani na Korea Kusini, ila akaweka sharti kwamba wanajeshi wasiwe wanauawa wala kujeruhiwa. Someni hilo sharti mara mbili jamani, maana mwaka uliotangulia, 2007, ndo Wamarekani walikufa wengi zaidi Iraq kuliko mwaka mwingine wowote wa ile vita.

Kwa hiyo mkipewa mfano msiubebe tu kwa sababu umetoka kwa mkubwa, chora mstari, jaza pande zote, halafu tafuta na mifano iliyorukwa. Haiti Wamarekani walikaa kuanzia 1915 mpaka 1934, miaka 19, nendeni mkasome walichoacha kule.