Hongqu ya Kushusha Kolesteroli: Ichukulie Kama Dawa, Maana Ni Dawa

Ukiingia duka la dawa za Kichina ukasema una kolesteroli, utaletewa vitu vingi: shanzha (tunda), jueming zi (mbegu), heshouwu na danshen (mizizi). Chenye ushahidi mzito ni kimoja, hongqu, yaani mchele uliochachushwa kwa kuvu wa Monascus purpureus mpaka ukawa na rangi ya damu ya mzee. Wachina wameutumia kwa karne nyingi kutia rangi vyakula na kutengeneza pombe. Li Shizhen aliutaja katika kitabu chake cha dawa kilichochapishwa 1596. Habari ya kolesteroli ni ya juzi tu: mwaka 1979 Mjapani Akira Endo alipata kwenye kuvu wa Monascus kemikali aliyoiita monakolini K. Ndiyo hiyohiyo lovastatini, iliyoidhinishwa Marekani 1987 kama dawa ya hospitali.

Kwa hiyo anayekataa statini (dawa za hospitali za kushusha kolesteroli, kundi la lovastatini) kwa kuogopa kemikali, kisha akameza hongqu, hajakwepa chochote. Anazuia kimeng'enya kilekile kinacholisaidia ini kutengeneza kolesteroli, na madhara anayoweza kupata ni yaleyale.

Iliyopimwa vizuri ni Xuezhikang, hongqu iliyosanifiwa kiwandani: kapsuli za gramu 0.3, mbili asubuhi na mbili jioni baada ya chakula. Jumla ni gramu 1.2 kwa siku, zenye takriban miligramu 10 za lovastatini. Jaribio la China lililochapishwa 2008 lilifuatilia wagonjwa wapatao 4,870 waliokwisha kupata shambulio la moyo. Waliopata tena shambulio au kufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa asilimia 5.7 kwa waliotumia dawa hiyo, dhidi ya 10.4 kwa waliopewa kapsuli tupu.

Usichukue matokeo hayo ukayabandika kwenye kopo lolote la hongqu. Bidhaa 12 zilizopimwa Marekani, kwa utafiti wa 2010, zilikuwa na monakolini K kuanzia miligramu 0.1 hadi 10 kwa kapsuli, na nne kati yake zilikuwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayoharibu figo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikataza nyongeza za chakula kufikisha miligramu 3 za monakolini kwa siku. Lebo isiyotaja kiasi cha monakolini wala kipimo cha sitrinini, iache dukani. Hongqu ya kupikia nayo haina dozi. Ni rangi ya chakula, basi.

Kabla ya kuanza, pima mafuta ya damu (LDL, ile kolesteroli mbaya, ndiyo ya kuangalia), vimeng'enya vya ini na kreatinini, kipimo cha figo. Rudia baada ya wiki 6 hadi 8. LDL ikiwa haijasogea, ama kapsuli haina kitu, ama dozi haikutoshi. Kuongeza kapsuli kwa kubahatisha ndiko kunakoumiza watu. Misuli ikiuma au kulegea bila kazi nzito, acha na umwone daktari. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli inayomeng'enyuka huziba figo.

Usichanganye hongqu na statini nyingine. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini wasiiguse. Antibiotiki za klarithromaisini na erithromaisini, dawa za kuvu za ketokonazoli na itrakonazoli, na juisi ya balungi huzuia ini kuivunja lovastatini, ikarundikana mwilini. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la kutiliwa mkazo zaidi: mtu aliye kwenye ARV zenye ritonavir, kama lopinavir au atazanavir zilizoongezwa nguvu, asitumie hongqu kabisa. Mwambie daktari wa kliniki kila unachomeza, hata kama kimeandikwa "asilia".

Kuhusu zile nyingine: shanzha, gramu 9 hadi 12 zilizokaushwa, huchemshwa kama chai; haina nguvu ya kutegemewa kwa LDL, na mwenye kiungulia itamsumbua. Jueming zi huharisha. Danshen huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi damu kutoka ovyo. Heshouwu imehusishwa mara nyingi na homa ya ini, hata ile iliyopikwa kwa maharage meusi, hiyo usinunue.

Na mwenye LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi, au aliyekwisha kupata shambulio la moyo, anahitaji statini yenye nguvu kuliko hongqu.