Vidonge vya kuzima ishara za ukuaji: msiache dripu

Pole sana, dada. Kijana wako wa miaka 15 ana osteosakoma (saratani ya mfupa) ya goti, umesikia habari za vidonge vinavyozima ishara za ukuaji wa seli, sasa unauliza kama mwache kemo, yaani dawa za saratani za dripu. Tafadhali msiache.

Vidonge hivyo, kama regorafenibu, huzuia vipokezi vinavyoiamuru seli ikue na uvimbe uvute mishipa mipya ya damu. Kwa ugonjwa uliosambaa, majaribio yalionyesha vinauchelewesha. Kuponya ni jambo jingine. Wanaopona hupona kwa dawa za kemo, yaani methotreksati, doksorubisini na sisplatini, pamoja na upasuaji.

Nilimuuguza mdogo wangu. Mdomo ulimtoka vidonda hata uji wa vuguvugu ukamliza, nasi tukataka kukimbia. Daktari akampa dawa ya kusukutua, tukaendelea.

Muulize daktari wa saratani: picha ya CT (skani) ya mapafu inaonyesha nini? Mguu utaokolewa? Vidonge vinamfaa, ugonjwa ukirudi? Navyo huchubua viganja na kupandisha presha, msinunue mitaani.

Goti lisikandwe. Homa ikifika 38 baada ya dripu, mpelekeni hospitali usiku huohuo, msingoje kuche.