Jibu: Vigae vya mozaiki kubanduka kwenye wavu
Waalaykum salaam ndugu. Nimekuelewa: vigae vya milimita 25, wavu wa faiba mgongoni, gundi nyeupe ya mbao, na shiti (yaani vipande vya wavu vilivyokwisha kubandikwa vigae) zikikaa stoo hapo Chake Chake, ukizinyanyua vigae vinadondoka.

Kwanza pitisha kidole gumba mgongoni mwa kigae. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ni poda inayopakwa rafu za tanuri ili vigae visigande vikichomwa. Gundi inashika unga, haishiki kigae. Sugua kwa brashi, futa kwa kitambaa chenye maji, kikauke kabisa.

Kama ni kisafi, basi ni gundi. Ile nyeupe ikipata unyevu inalainika tena, na masika yetu unayajua. Tumia isiyoyeyuka kwa maji, khasa kwa shiti za bafuni. Tia matone mawili matatu kwa kila kigae, kama punje ya choroko, penye makutano ya nyuzi. Usipake mgongo mzima, tafadhali! Saruji lazima iguse kigae chenyewe, la sivyo vitabanduka ukutani.

Huna gundi hiyo? Acha wavu, bandika karatasi ya kaki usoni kwa uji wa unga wa ngano. Saruji ikishashika, fundi anailowesha karatasi na kuibandua.