Mzazi mwenzangu uliyeko Uingereza, tarehe 4 Julai 2024 usipige kura ya kurithishwa

Juzi nimepata meseji ndefu kutoka kwa mama mmoja yuko Leicester, anafanya kazi ya keya (kuhudumia wazee na wagonjwa), nimemwomba ruhusa niiongelee hapa bila jina akasema poa. Amefika mwezi wa nne mwaka huu, wanawe wako Morogoro kwa bibi yao, maana tangu tarehe 11 Machi 2024 keya anayekuja mpya haruhusiwi kuja na mume wala mtoto. Sasa anauliza, dada, kazini wanaongelea uchaguzi wa wabunge tu, shemeji yangu anasema sisi wahamiaji ni wa chama cha Labour basi imeisha hiyo, mimi mtoto huku sina, pasipoti yangu ya Tanzania, hivi haya mambo yananihusu kweli?

Yanakuhusu sana mdogo wangu, na jibu lake haliwezi kuenea WhatsApp ndo maana nimeamua kuandika hapa, na wengine wenye swali kama lako wasome.

La pasipoti nilimalize kabisa manake naulizwa kila uchaguzi. Ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, unaishi hapa kihalali na umefika miaka 18, unapiga kura ya kuchagua mbunge wa Uingereza kama Mwingereza yeyote. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote mmo. Viza ya keya inatosha, ya mwanafunzi inatosha, sio mpaka upate makazi ya kudumu. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hapana, wao mpaka wachukue uraia, na najua linawauma. Na sisi Watanzania ndo vichekesho kabisa, uchaguzi wa nyumbani ukifika nikiwa huku siwezi kupiga, ila wa Mwingereza napiga, tena naingia kituoni na pasipoti yangu ileile ya Bibi na Bwana na wanaikubali kama kitambulisho. Nimekataa miaka yote kuirudisha maana kwetu uraia wa nchi mbili hakuna, na wala sijutii.

Sasa niwaambie kwanini mimi hili jambo nalishikia bango. Uchaguzi wa Desemba 2019, giza la saa kumi jioni lile, baridi, nimejifunga kanga juu ya sweta, wali uko jikoni, mlango ukagongwa. Kijana mmoja na beji ya chama chake (chama sikitaji) na karatasi yenye majina ya mtaa mzima. Akaniangalia, akaangalia kanga, akaniuliza kwa upole kabisa, tena anatabasamu, "kuna mtu anayepiga kura humu ndani?" Nikamwambia unaongea naye. Akacheka kidogo, akasema oh, akaniachia kipeperushi, akaondoka. Jina langu lilikuwa kwenye ile karatasi yake! Nililiona kwa macho yangu, yeye hakulitafuta hata. Hakuniuliza shule ya watoto ikoje, hakuniuliza GP, daktari wa mtaa, namsubiri muda gani, hakuna. Nyumba ya jirani yangu, bibi wa kizungu anayeishi na paka wake, alisimama mpaka nikamaliza kupakua wali. Miaka minne na nusu sasa na bado nikikumbuka napata moto kifuani, na nawaambia ukweli, siku ile ndo nilijua kwamba mimi kama mzazi nisipoenda kuwadai hawa watu wenyewe hakuna atakayekuja kuniuliza.

Tangu hapo nilianza kusoma. Sikusoma siasa zote, nani ana muda huo na shifti za usiku? Nilichukua jambo moja la watoto wangu, nikalifuata mpaka nijue nani hasa analiamua. Wengi ndo tunapokosea hapo, tunamkasirikia Waziri Mkuu kwasababu ya mambo ya kaunsili (halmashauri) na tunamlilia diwani kwa mambo ya Westminster, yaani bunge la London. Na kama uko Scotland au Wales shule na hospitali haziamuliwi na bunge la London, zina mabunge yao, kwahiyo mgombea wenu akiwaahidi walimu wapya mwulizeni anawatoa wapi.

Mambo ya mzazi yaliyo mezani safari hii ya 2024 ni haya, kwa ninavyoyaona mimi. Kuna ile sheria ya watoto wawili, kwamba Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwaka huu wa 2024 inahesabu watoto wawili tu, mtoto wa tatu aliyezaliwa tarehe 5 Aprili 2017 anahesabiwa na wa tarehe 6 hahesabiwi. Nina rafiki yangu wa tatu wake alizaliwa Mei mwaka huohuo, mimi nimekaa jikoni kwake tukipiga hesabu za mwezi, anaandika nyuma ya bahasha, anafuta, anaandika tena, na wakati huo anafanya kazi mbili. Conservative wa serikali ya sasa, 2024, wanaibakiza, Labour ya kiongozi wao Starmer inasema haipendi ila pesa za kuifuta kwa sasa hazipo, Liberal Democrats na Greens wanasema waifute. Kwahiyo ukimwambia huyu rafiki yangu "sisi ni Labour basi", anakuangalia tu.

Nasari nayo. Serikali imeanza mwezi wa nne 2024 kutoa masaa 15 ya bure kwa watoto wa miaka miwili England, wazazi wote wakiwa kazini, Septemba inashuka mpaka mtoto wa miezi tisa, na Septemba 2025 yawe masaa 30. Ni kitu kikubwa, tusiwe wachoyo wa sifa. Labour wanasema wataendelea nayo na watafungua nasari 3,000 kwenye madarasa yasiyotumika ya shule za msingi. Lakini masaa ya bure na nafasi ya mtoto ni vitu viwili, masaa unaweza kupewa na nasari yenyewe ikawa imejaa. Alafu kama wewe na mwenzio wote viza zenu zimeandikwa hamruhusiwi kugusa fedha za umma hayo masaa hamyapati, hata kama kodi mnakatwa kila mwezi. Hilo hamtaliona kwenye kipeperushi chochote.

Shule za kulipia, Labour wanataka kuzitoza VAT ya asilimia 20 na pesa hiyo iajiri walimu wapya 6,500 wa shule za serikali. Humu najua kuna wazazi wanaojibana kulipa hizo ada na wamekasirika, nawaheshimu, ila wanaosoma huko ni kama 7 katika kila watoto 100 na wangu hawamo, kwahiyo msinitumie tena zile voisi.

Na hili la jeshi sasa! Waziri Mkuu wa 2024, Sunak, katangaza uchaguzi mvua inamnyeshea pale Downing Street, siku chache baadae akaja na mpango kwamba vijana wote wa miaka 18 watumikie taifa, nafasi 30,000 za kukaa na jeshi mwaka mzima, wengine kujitolea wikiendi moja kila mwezi. Group letu la kina mama lililipuka. Mi nilicheka sana, nikawaambia nyie si ndo mliokuwa mnajisifu mmepita JKT, mmekimbia mchakamchaka, leo mtoto kuambiwa akasaidie wazee wikiendi mnataka kuzimia? Mwanangu mkubwa ana 16, kaniuliza mama, yaani naweza kupangiwa jeshi na mtu ambaye sikumpigia kura? Hapo nilikosa jibu la haraka. Labour wameandika kwenye ilani yao kwamba watashusha umri wa kupiga kura uwe 16, na huyu kijana tangu asome hilo hatulali, anahojiana na baba yake mezani mpaka chakula kinapoa.

Turudi kwa dada wa Leicester. Kizuizi cha familia kimewekwa na Conservative. Je Labour wameahidi kukiondoa? Hapana dada, hawajaahidi, na wao pia wanasema wanataka idadi ya wahamiaji ipungue. Kwahiyo shemeji yako anapokwambia wahamiaji ni Labour anakupa kura ya mwaka 1997, Labour ilipoingia madarakani, wewe unapiga ya 2024. Sikwambii usiwape. Nakwambia muulize kwanza mgombea wa hapo kwako. Huku hupewi karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani kama kwetu, unapewa karatasi moja ya mbunge, unaweka alama ya X kwa penseli iliyofungwa kwa kamba, basi, na anayeongoza hata kwa kura moja ndo kachukua jimbo. Waziri Mkuu anatokana na hao wabunge 650. Kwahiyo mtu wako ni yule wa jimboni, sio sura unayoiona kwenye tivii.

Mimi wiki iliyopita nimeenda kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, wagombea wote wamekaa mezani na chupa zao za maji, nikanyoosha mkono. Nilivaa kitenge makusudi kabisa. Nikawauliza, kumsajili mtoto kuwa raia wa Uingereza mwaka huu wa 2024 inagharimu pauni 1,214, mtoto ambaye kakulia hapa na lafudhi yake ni ya hapa, nani kati yenu anajua hiyo bei na atafanya nini? Ukumbi ukanyamaza. Wa kwanza akaongelea mipaka na boti za wahamiaji. Wa pili akanipongeza kwa swali zuri, akaongelea NHS, huduma ya afya ya taifa. Mmoja akasema, samahani mama, hiyo bei sikuijua, niachie imeili yako, na kweli baada ya siku mbili alijibu, ukurasa mzima, na kuna mahali amekubali kwamba chama chake hakina msimamo. Huyo nimemweka alama. Watu walinifuata pale mlangoni kunishika mkono, wazungu wazee, wananiambia nao hawakujua. Nilitembea kwenda nyumbani kichwa juu jamani, acheni nijisifu kidogo.

Kwahiyo ushauri wangu ndo huohuo, chagua jambo moja la mtoto wako, jua nani analiamua, muulize mgombea, alafu ujiandikishe. Mbunge anayetetea kiti chake unaweza kuangalia alivyopiga kura bungeni kwenye tovuti ya TheyWorkForYou, ni bure, huhitaji kusubiri kuambiwa na mtu wa group. Na angalia jimbo lako maana mipaka imebadilishwa, wenzetu wa mji wa Reading kwa mfano walizoea majimbo ya Reading East na Reading West, sasa kuna Reading Central na kuna Earley and Woodley na nyingine tena.

Na kina baba, nisameheni, hili lazima niliseme. Kura sio ya familia. Kuna mwanamke namfahamu anamkabidhi mumewe karatasi za kura ya posta azijaze zote mbili, ndoa ya amani eti. Hiyo ni kosa la jinai hapa, na hata isingekuwa kosa, wewe ndo unayelala na mtoto mwenye pumu ukisubiri simu ya GP saa mbili asubuhi, yeye yuko shifti, iweje aamue peke yake? Na mchungaji pia, na sheikh pia, watuombee, wasitujazie karatasi. Tumewafundisha watoto wetu kunyoosha mkono darasani na kuuliza, wenyewe tukifika kwenye mambo makubwa tunauliza "sisi tunampa nani?" Sisi nani? Mwenye nyumba tatu za kupangisha Slough na keya wa Leicester ni sisi gani hiyo?

Haya, za kufanyia kazi. Kujiandikisha onlaini mwisho ni Jumanne tarehe 18 Juni 2024 usiku saa sita kasoro dakika moja, uwe na namba yako ya NI (National Insurance) mkononi, dakika tano umemaliza. Kura ya posta maombi mwisho Jumatano tarehe 19 saa kumi na moja jioni. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, kwahiyo wa shifti ndefu msinipe sababu. Kitambulisho chenye picha lazima, pasipoti hata kama imeisha muda wanaipokea ilimradi picha bado inafanana na wewe, usipokuwa nacho kabisa omba cheti cha bure cha mpiga kura, mwisho tarehe 26 saa kumi na moja jioni. Watoto unaruhusiwa kuingia nao, ila X uweke mwenyewe, wa kwangu mdogo aliwahi kutaka kuchora moyo. Mkinitumia meseji Jumanne hata saa tano usiku nitajibu, za Jumatano za "dada nimechelewa nifanyeje" sijibu.