Kabla Hujaishika Mashine ya Msasa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Yeye na mumewe wote ni watu wa kubuni: mmoja huchora, mwingine hufinyanga vyombo. Wameachiwa nyumba ya bibi yake. Mume anataka kuvunja kuta za chini, aweke kioo kutoka sakafuni hadi darini. Ndugu za mke hawataki hata msumari ung'olewe. Aliuliza swali moja tu: "Ninyi mlianzia wapi?"

Sikumjibu siku ile. Jibu la kweli ni kwamba tulianzia pabaya, na ninyi mnaotufuata hapa mmeona picha za mwisho tu: jiko la chuma na kioo, ngazi nyeusi, boriti tisa za sebuleni zikiwa wazi. Najivunia nyumba ile na sitalificha hilo. Mimi nabuni vitambaa, mume wangu anabuni samani, na hakuna kazi tuliyowahi kufanya pamoja inayoikaribia. Lakini picha hazionyeshi kitu ambacho mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikiharibu ndani ya dakika zisizozidi ishirini. Leo nitakisema.

Nyumba ilijengwa na babu, mzaa baba. Kuta zake ni za mawe na chokaa, unene wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole na zaidi kidogo. Baba na ndugu zake sita walizaliwa na kukulia humo. Bibi alipofariki ilifungwa, ikakaa miaka kumi na mmoja na popo darini. Ndugu zangu walitaka iuzwe. Mimi nikasema apewe anayeitaka, na anayeitaka ni mimi. Mambo ya hati na fidia sitayasimulia. Yalichukua mwaka mzima, yakaisha. Wekeni kila kitu kwa maandishi, hata kama mnapendana. Hasa kama mnapendana.

Siku ya kwanza tulipofungua, mume wangu alizunguka na pima maji chumba kwa chumba akiniita: "Njoo uone, hakuna sakafu iliyonyooka!" Alikuwa na furaha kama amepewa zawadi. Mimi nilikaa kwenye ngazi na daftari nikichora. Najua unayajua mambo haya. Kila mmoja wetu anayesoma hapa ameshawahi kuingia kwenye nyumba kuukuu, akaanza kuhamisha madirisha kichwani kabla hajafika chumba cha pili. Ndoto yetu ilikuwa kuta nyeupe, mwanga, chumba kimoja kikubwa. Hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu tulikuwa tunaitazama nyumba ambayo bado haipo na tukaacha kuitazama iliyosimama mbele yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa saruji. Mwashi tuliyempata alibisha ukuta wa nyuma kwa fundo la kidole, akasikia lipu ikilia uwazi, akasema chokaa imechoka, tupige saruji, mambo yaishe. Tukakubali. Ukuta ukatoka laini kama karatasi, tukaupaka rangi ya plastiki, tukaupiga picha. Baada ya miezi sita ukaanza kuota chumvi, mstari mweupe wa unga kwenye kimo cha goti, na juu yake rangi ikavimba malengelenge. Ukilibonyeza moja, maji yanatoka.

Ukuta wa zamani wa namna ile hauna tabaka la kuzuia maji chini. Unanyonya unyevu wa ardhi, unapokea na wa mvua, halafu unautoa taratibu kupitia chokaa. Unapumua. Saruji inauziba pumzi. Maji hayakomi kwa sababu umeyafungia mlango; yanatafuta njia nyingine, yanapanda juu zaidi na kuingia ndani zaidi, na kwetu yalikwenda kwenye mbao. Seremala alipanda ngazi, akachomeka bisibisi kwenye kichwa cha boriti ya tatu, pale inapoingia ukutani. Ilizama hadi kwenye mpini bila kusukumwa. Alipoitoa, ncha yake ilikuwa na ungaunga mweusi uliolowa, unaonuka kama uyoga. Hakusema neno, aliinyoosha tu ile bisibisi kwangu niinuse.

Tuliibandua saruji yote kwa tindo. Kwa kuwa ilikuwa ngumu kuliko mawe yenyewe, ilitoka na nyuso za mawe. Tukarudia kwa chokaa na mchanga, matabaka matatu membamba, kila moja likisubiriwa lishike kabla ya lingine. Chokaa hailazimishwi. Inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa ukaa iliyo hewani, kuanzia usoni kwenda ndani, na ikikauka haraka mno kazi hiyo inakatika njiani, unabaki na unga. Kwa hiyo nilitundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Kama nyumba yenu ni ya mawe na chokaa, tafuteni mwashi anayejua chokaa. Akikuambia saruji ni kitu kilekile ila ni imara zaidi, mshukuru kwa muda wake na umsindikize mlangoni.

Sasa nije kwenye mlango.

Mlango wa kutoka sebuleni kwenda uani ulikuwa na fremu ya mbao nzito, imepakwa rangi juu ya rangi, kijani juu ya bluu juu ya kahawia. Mimi nilitaka mbao tupu. Nilikodi mashine ya msasa. Mume wangu alisimama pale akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo, nina hakika, ni rangi tu. Upande wa kushoto wa fremu kulikuwa na mikwaruzo, mistari mifupi ya kulala, mingine ina herufi pembeni. Niliiona. Nilidhani ni alama za fundi, au za kisu cha mtoto mtukutu. Nikapitisha mashine kutoka juu hadi chini, mbao ikatoka nyekundu, nzuri, na nikaita watu waje waone.

Shangazi alikuja Jumapili. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wale saba. Alipita sebuleni akisifia dari, akafika mlangoni, akaupeleka mkono wake moja kwa moja kwenye fremu, upande wa kushoto, kwenye kimo cha kiuno. Aliusugua kidole gumba hapo, juu kidogo, chini kidogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akauliza, "Zile za Baba ziko wapi?"

Babu alikuwa akiwapima watoto wake kwenye fremu ile kila mwaka. Mstari kwa kisu, herufi ya kwanza ya jina. Mmoja wao, mdogo wa shangazi, alifariki akiwa na miaka sita. Hakuwahi kupigwa picha. Mistari yake minne ndiyo iliyokuwa imebaki duniani kuonyesha alikuwa na urefu gani.

Sina namna ya kulieleza hili likawa dogo. Shangazi hakunigombeza. Alichukua mkoba wake akasema anachoka siku hizi, akaondoka. Miaka miwili hakukanyaga. Watu wa familia walisema nimeua nyumba ya babu, na wengine walilisema mbele ya mume wangu kana kwamba yeye ndiye aliyeniingiza ukichaa huu. Hilo bado linaniuma. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nina hakika.

Na hata bila alama zile, nilichokifanya kilikuwa cha hatari. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na ukizipiga msasa zikiwa kavu unatengeneza vumbi lenye sumu, linaloumiza zaidi watoto wadogo. Mimi nilikuwa nimejifunga kitambaa puani tu. Pimeni rangi kwanza. Msipige msasa rangi msiyoijua umri wake.

Baada ya hapo kazi ilisimama miezi minne. Hatukuvunja wala kujenga. Tulilala ndani ya nyumba, tukala kwenye sakafu, tukajua jua linaingia wapi saa ngapi. Katika miezi ile mume wangu alisoma sana, na jioni alikuwa akinisomea. Alinisomea Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambamo wataalamu wa majengo ya kale walikubaliana kwamba sehemu mpya inayojaza pengo ipatane na jengo zima, lakini itambulike kuwa ni mpya, ili isiidanganye historia. Alinionyesha picha za Castelvecchio, ngome ya karne ya 14 mjini Verona, ambayo Carlo Scarpa aliitengeneza upya kuanzia miaka ya 1950: sakafu mpya haigusi kuta za kale. Inaishia kabla ya kuzifikia, pembeni panabaki mfereji mwembamba, na jicho lako linaelewa papo hapo kipi ni cha nani. Na tuliwapenda sana Alison na Peter Smithson, mke na mume, wasanifu wa Uingereza, ambao kati ya 1959 na 1962 walichukua kibanda kilichochakaa kule Wiltshire, wakabakiza ukuta wa mawe na dohani lake, wakasimamisha hapohapo kijumba cha mbao, kioo na alumini. Dohani la watu waliokwishaondoka, na watoto wao wenyewe wakicheza pembeni yake.

Hapo ndipo tulipopata kanuni yetu: cha kale kibaki cha kale, kipya kionekane kipya, na kipya kiweze kuondolewa kwa spana.

Boriti ya tatu hatukuitupa. Seremala alikata kichwa kilichooza, akaunga mbao mpya nyeupe, akaibana kwa bamba mbili za chuma na boliti. Hatukuipaka rangi ifanane na nyingine. Jiko la kioo linasimama kwa miguu yake lenyewe na kuishia vidole vinne kabla ya ukuta wa babu. Nyaya hatukuchimbia ukutani. Zinapita juu ya lipu ndani ya mabomba membamba ya shaba, yamenyooka, na wageni hudhani ni pambo. Ngazi ya chuma ni kazi ya mume wangu na ni nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kubuni. Haijafungwa ukutani hata kwa skrubu moja.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeniandikia, nisikilize. Usivunje kitu mwaka huu. Waite ndugu zako wote, watembee ndani ya nyumba, na kila mmoja aweke mkono juu ya kitu kimoja ambacho hataki kiguswe. Sisi tulilifanya hilo kwa kuchelewa. Kaka yangu mkubwa, ambaye alinipinga kuliko wote, aliweka mkono juu ya komeo la dirisha la chumba cha juu. Komeo tu! Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye juu ya nyumba nzima. Piga picha kila ukuta, kila fremu, kila mkwaruzo, kabla hata hujafagia. Kisha uliza. Uliza wazee mmoja mmoja, wakiwa ndani ya nyumba, maana mkono unakumbuka mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasema ukiwa mbali.

Na mumeo mwenye hamu ya kuvunja, mwambie aangalie kwanza boriti zinalala kuelekea wapi na zinakaa juu ya nini. Ukuta wa kati unaouona mwembamba unaweza kuwa ndio umebeba ghorofa. Mleteni mhandisi. Kama kuna nyufa, bandikeni kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, muandike tarehe, msubiri miezi. Kikivunjika, ukuta bado unatembea, na hakuna ubunifu utakaousimamisha. Subirini. Najua kusubiri kunachosha watu kama sisi, ambao kichwani tumeshamaliza. Lakini nyumba imewasubiri miaka mingi kuliko mtakavyoisubiri ninyi, na mtu asiyeweza kukaa kimya chini ya dari ya bibi yake kwa mwaka mmoja hajawa tayari kuibadilisha.

Fremu ya mlango ipo bado. Hatukuipaka rangi wala mafuta, na hatukujaribu kuchonga mistari mingine. Shangazi alianza kuja tena mwaka jana. Hukaa jikoni, chini ya kioo, kwa sababu anasema pana joto zuri kwa magoti yake, na hunisimulia ni nani alianguka kutoka dirisha gani. Ninaandika kila neno. Akitaka kwenda uani, huzunguka kwa nje kupitia mlango wetu mpya wa kioo, hata kukiwa na mvua. Ule wa sebuleni haupiti.