Lenzi ya kusukuma ndani kwenye Leica ya zamani: kwa nini bado naitumia

Mkuu uliyeuliza kama uchukue Elmar ya milimita 50, lenzi inayozama ndani ya kamera, kwa ajili ya Leica ya filamu uliyoachiwa na babu yako, au utafute lenzi ya kawaida isiyozama: mimi niko Kigoma, yangu ni hiyohiyo Elmar, f/3.5 (hiyo namba ni tundu lake la mwanga likifunguka lote; ikiwa ndogo zaidi, mwanga unaingia mwingi zaidi).

Utamu wake ni kubeba, basi. Ukiisukuma ndani kamera inakuwa bapa. Kwenye boti za Kibirizi ziendazo Gombe, abiria mmebanana na magunia, naiweka kifuani chini ya jaketi na maji yakiruka hayaifikii. Lenzi ndefu ingenichoma mbavu safari nzima.

Kazi inakuja ukitaka kupiga. Unaivuta mpaka mwisho, unaizungusha kidogo ikamate. Ikiwa haijakamata, kamera haikwambii kitu, maana kwa renjifainda, kamera ya aina hii yenye dirisha lake pembeni la kulengea, huchungulii kupitia lenzi: dirishani kila kitu safi, filamu ikisafishwa picha zote ukungu. Halafu tundu la mwanga linabadilishwa kwa kikono kidogo kilichokaa mbele, pembeni kabisa ya kioo. Jaribu kukisogeza dagaa wanaposhushwa, watu wanakupiga vikumbo, uone kama hujaacha alama ya kidole kwenye kioo.

Kiangazi, vumbi letu jekundu linaganda kwenye bomba la lenzi, lile linaloingia na kutoka. Lifute kabla hujasukuma, la sivyo linakwaruza chuma na lingine linaingia ndani. Mimi nikiwa nchi kavu siizamishi kabisa, naiacha nje siku nzima.

Ukienda kununua, mulika tochi ya simu kutokea nyuma ya lenzi utafute ukungu ndani ya vioo. Kuna lenzi nyingine za kuzama: Summar ya f/2, ya Leica pia, ya mwaka 1933, ina kioo laini mbele na nyingi zimechubuliwa na vitambaa; jua likiwa linazama upande wa Kongo picha inapauka yote. Summicron, ya Leica pia, ya 1953, ni nzuri kweli, ila mfuko utalia. Industar-22 ya Kisovieti ni ya bei rahisi zaidi. Ijaribu kwanza kwa vitu vya karibu, kwenye Leica fokasi yake huweza kupishana na ya kamera.

Kama unapiga harusi za usiku, f/3.5 itakutesa, tafuta f/2 isiyozama. Na hujasema ni Leica gani. Ikiwa ni M5 au CL, usiisukume lenzi ndani hata kidogo: kuna mkono wa kipima mwanga nyuma yake, utauvunja.